Meza ya sikukuu kwa shilingi 50,000: tathmini ya kanga, kawa na mapambo ya Soko Kuu la Mtwara

Fedha ya kupamba meza ya sikukuu, ikiwa ni ndogo, iende kwanza kwenye kitambaa na kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa. Mengine mengi yanayouzwa mwezi Desemba kuzunguka Soko Kuu la Mtwara kwa jina la mapambo yanaweza kusubiri mwaka ambao mfuko utakuwa mzito zaidi. Huo ndio uamuzi niliofikia baada ya kununua, kutandika, kulia chakula juu yake, kufua na kutandika tena, kwa Krismasi na kwa Idd. Bei nitakazozitaja ni zile nilizolipa mimi mwenyewe, na mnunuzi mwingine anaweza kuzikuta juu au chini kidogo kulingana na duka, msimu na ufundi wake wa kupatana.

Meza niliyoitumia ni ya watu sita, yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 90, yaani ile ya mbao ambayo mafundi seremala wengi huitengeneza hata bila kupewa vipimo. Bajeti ilikuwa shilingi 50,000, na chakula hakimo ndani yake. Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi hupakua siku ya sikukuu kwenye sinia juu ya mkeka sebuleni, na kwa nyumba hizo karibu kila nitakachosema kinafaa vilevile, isipokuwa hesabu ya kitambaa kinachoning'inia.

Nilianza na nailoni ya meza, ile yenye maua au matunda inayokatwa kwa mita, kwa sababu ndiyo ambayo muuzaji humwonyesha mteja kabla hata hajaulizwa. Ina upana wa sentimita 137 hivi, kwa hiyo ukikata urefu wa mita 1.8 unapata kitambaa kinachoshuka sentimita 15 kila kichwa cha meza na zaidi ya sentimita 20 kila ubavu, jambo ambalo kwa macho ni zuri kabisa. Kasoro zake huonekana mara tu chakula kinapoletwa. Sufuria ya pilau iliyotoka jikoni moja kwa moja huacha duara ambalo halifutiki, mikono ya wageni hunata juu yake kwa joto letu la Desemba, na mikunjo ya dukani haikubali kunyooka mpaka kitambaa kianikwe juani kwa muda. Kwa meza ya kila siku yenye watoto wadogo ningeinunua bila kusita, maana mchuzi ukimwagika hufutwa kwa tambara na mambo yakaisha. Kwa sikukuu, hata hivyo, huifanya meza ionekane kama ya siku nyingine yoyote.

Kanga ndiyo iliyoshinda, ingawa inataka akili kidogo. Upande mmoja wa kanga una urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110, na mtu akiutandika kwa urefu juu ya meza hii atakuta umeishia ukingoni kabisa kwenye vichwa vyote viwili, hauning'inii hata kidogo, na meza inaonekana kama imevaa nguo ya mdogo wake. Njia bora ni kununua doti moja, kumpa fundi wa cherehani aikate na kupinda kingo, kisha kuzitandika pande zote mbili kwa kukingama, kila moja ikielekea kichwa chake cha meza, na kuziacha zipishane kwa sentimita 20 katikati. Hapo kitambaa kinashuka sentimita 25 kila kichwa na sentimita 30 kila ubavu, na mahali pa kupishana panafichwa na vyombo. Doti niliyochagua iliuzwa shilingi 16,000, na fundi alitoza 2,000 kwa kukata na kupinda.

Utandikaji huu una tokeo moja ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kulipa. Jina la kanga hukaa juu ya pindo la chini, na kanga ikiwekwa kwa kukingama, maneno yale hutua pale pale kwenye ukingo wa kichwa cha meza, yakiwa yamemgeukia wima yule aliyeketi hapo. Kwa kawaida anayeketi hapo ni baba mwenye nyumba, au babu, au mkwe aliyetoka Newala kwa basi la asubuhi. Kanga za mafumbo, zile zinazonunuliwa ili jirani asome na kuelewa, zibaki kabatini siku hiyo. Nilisimama dukani nikisoma majina kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama kuchagua rangi, na muuzaji, mama mtu mzima aliyeonekana kuzoea wateja wa namna hiyo, alinitolea mwenyewe kanga za dua, za shukrani na za kukaribisha wageni bila mimi kusema neno. Huduma ya namna hiyo ni sababu tosha ya kununua kanga kwa mtu anayeijua biashara yake kuliko kuinunua kwa anayepita nazo begani.

Kuhusu rangi, nyekundu yenye kijani hufaa kwa Krismasi lakini huonekana imekaa vibaya miezi mingine, ilhali ya chungwa, ya zambarau au ya buluu hutumika kwa sikukuu zote. Kisutu, kanga ile yenye wekundu, weusi na weupe, hupendeza mno chini ya sahani nyeupe, ila wazee wengi wa Pwani hukihusisha na bibi harusi, na si kila mmoja atafurahi kukiona kimewekewa bakuli la mchuzi. Kanga mpya ina wanga mwingi, kiasi kwamba tone la maji hubiringika juu yake bila kuingia, na mtu anaweza kudhani kuwa hiyo ni sifa nzuri ya kitambaa cha meza. Wanga huo huondoka kanga ikifuliwa mara ya kwanza, na mara nyingi rangi nayo huondoka kidogo pamoja nao, hasa nyekundu na nyeusi. Kwa hiyo ifuliwe peke yake mara kadhaa, mpaka maji yatoke meupe, kabla haijawekwa karibu na nguo nyeupe ya mgeni yeyote.

Kitenge nacho kinafaa. Kipande cha yadi mbili huifunika meza hii nzima bila kiungo, na kitambaa chake ni kizito kuliko cha kanga, hivyo hakipeperuki kwa upepo wa dirishani. Kinakosa pindo tu, na pindo ndilo linaloifanya meza ionekane imetandikwa kwa makusudi.

Shuka nyeupe ya mtumba ndiyo iliyo nafuu kuliko vyote, kwa kuwa niliiona ikiuzwa kati ya shilingi 4,000 na 7,000, na baadhi yake ni pamba nzito ambayo huwezi kuipata dukani kwa bei hiyo. Inyanyuliwe dhidi ya jua kabla ya kulipwa, kwa sababu katikati, mahali mwenyewe wa kwanza alipolalia miaka yote, mara nyingi pamechakaa kiasi cha kuonyesha mwanga. Lakini meza nyeupe na chakula chetu havielewani. Mchuzi wa nazi wenye binzari hutoa doa la njano ambalo halitishwi na sabuni ya kawaida, na mwenye nyumba anayetumia mchana mzima kuangalia mikono ya watoto wa shemeji yake hajasherehekea.

Baada ya kitambaa, shilingi zinazofuata ziende kwa kawa. Ninashangaa kwamba watu wanaoweza kulipa shilingi 10,000 kwa shada la maua ya plastiki kutoka ng'ambo huipita kawa njiani kana kwamba ni kitu cha kijijini, ilhali hakuna pambo lingine mjini hapa linalofanya kazi mbili kwa wakati mmoja namna hii. Mezani huleta rangi na kimo, vitu ambavyo meza iliyojaa sahani bapa huvikosa, na papo hapo huficha hotipoti zisizofanana, sufuria iliyopinda mshikio na bakuli la plastiki ambalo kila nyumba inalo. Chapati zilizofunikwa kwa kawa hazilowi kama zile zilizofunikwa kwa bakuli la plastiki, kwa sababu mvuke hupata pa kutokea kati ya misuko, na nzi hawapati pa kuingilia.

Kawa nilizozipata Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka mjini, zilikuwa bora kuliko za sokoni, na bei ilikuwa ya chini kidogo kwa kuwa msukaji ndiye aliyekuwa muuzaji. Kubwa ya kufunika sinia niliinunua kwa shilingi 8,000 na ndogo mbili kwa 5,000 kila moja. Kabla ya kulipa, igeuzwe juu chini na kutazamwa kwa ndani, mahali ambapo uzembe haufichiki. Ukili, ule mkanda uliosukwa ambao hushonwa kuwa kawa, unapaswa kuzunguka kutoka ncha hadi mdomoni kwa mshono mmoja uliokazwa, na penye mshono uliolegea kidole kitapita. Kisha iwekwe juu ya sakafu tambarare na kuguswa upande mmoja. Ikiyumba, mdomo wake haukusawazishwa, na nzi watakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Mwisho, isuguliwe kwa kidole kilicholoweshwa ili kuona kama rangi inatoka, na yangu ya zambarau ilitoka kidogo. Bibi aliyeisuka aliniambia bila kuficha, "Usiioshe, mjukuu wangu. Ipanguse kwa kitambaa kikavu na uianike kivulini, itakukuta na wajukuu zako." Sijaiosha, na bado iko kama ilivyokuwa.

Kwa bibi huyo huyo nilinunua pia ukili uliosukwa na kuviringishwa kabla ya kushonwa kuwa mkeka, kwa shilingi 3,000. Ukilazwa katikati ya meza kutoka kichwa hadi kichwa, mistari miwili sambamba, hufunika kiungo cha kanga zile mbili na kupunguza fujo ya maua ya kitambaa, na vipande vilivyobaki hukatwa, kuzungushwa na kufungwa kwa uzi ili kushika tishu za mezani. Ukindu, yaani majani ya mkindu, uchaguliwe badala ya miyaa, aina nyingine ya majani ya kusukia, kwa kazi hii, kwa kuwa ukindu ni laini na hulala, ilhali miyaa ni migumu na ncha zake hukwaruza.

Kuhusu mapambo ya Krismasi yenyewe, yale manyoya ya kung'aa, mipira ya rangi na maandishi ya karatasi ya kutakia heri, sina mengi mazuri ya kusema. Manyoya hayo hupukutisha vipande vidogo vinavyometameta, na vipande hivyo havichagui kati ya kitambaa na kachumbari. Bei yake nayo hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, na katika mikoa hii Desemba huangukia msimu ambao malipo ya minada ya korosho yanaingia mikononi mwa watu, jambo ambalo wenye maduka wanalijua vizuri. Duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, liliniuzia taa ndogo za betri ambazo zilimeta vizuri dukani, zikafifia nyumbani kabla wageni hawajamaliza kula, na nilipopiga hesabu ya betri tatu za kubadilisha kila usiku nikaona kwamba taa ilikuwa ndiyo sehemu ya bei nafuu katika biashara ile. Na kuna wanaouza pamba ya kutandaza juu ya matawi ya mvinje ili ionekane kama theluji. Pamba ni zao lenye heshima kubwa kule Shinyanga na Simiyu, lakini kuipa kazi ya theluji katika mji wenye joto la nyuzi 30 ni kuionea.

Mwanga wa bei nafuu zaidi ni mshumaa mweupe wa kawaida wa shilingi 500, uliosimamishwa ndani ya chupa pana ya jemu au glasi nene yenye mchanga vidole vitatu chini. Mchanga huushika mshumaa wima, huongeza uzito ili chombo kisianguke, na mdomo wa chupa huuzuia upepo wa jioni utokao baharini, ambao huzima mshumaa ulio wazi kabla kibiriti hakijarudishwa mfukoni. Minne inatosha meza ya watu sita. Wenye chemli ya zamani waisugue kioo chake na kuiweka kwenye meza ya pembeni, kwa sababu moshi wake na harufu ya mafuta ya taa havipendezi karibu na chakula. Chetezo cha udongo chenye ubani kina nafasi yake siku ya Idd, lakini ni baada ya vyombo kuondolewa, kwani ubani hushinda harufu ya biriani na mpishi ana haki ya kulalamika.

Maua yasinunuliwe. Mkrismasi huchanua mwekundu wakati huu huu, na tawi moja linaonekana kama pambo lililokwisha kutengenezwa, ila ua lake likichumwa hunyauka upesi sana, kwa hiyo likatwe dakika za mwisho na lisiwekwe kabisa juu ya meza ya chakula cha jioni lililochumwa asubuhi. Kinachodumu ni maganda yake makavu, marefu na meusi, ambayo watoto huyatikisa kama kayamba. Yakipangwa matatu matatu kando ya mishumaa hukaa msimu mzima. Bogenvilia nayo huvumilia kuliko mkrismasi, hata bila maji.

Pambo ambalo mikoa ya kusini inalo kwa wingi ni mabibo. Bakuli lenye mabibo mekundu na ya njano, korosho zikiwa bado zimening'inia chini yake, linapendeza kuliko tunda lolote la plastiki, na katika msimu mtu anaweza kuyapata bure kwa jirani mwenye mikorosho. Lakini yana masharti. Maji yake yakidondoka juu ya kanga huacha doa la kahawia ambalo halitoki, hivyo bakuli liwe lenye kina na liwekewe jani la mgomba chini, na jani hilo lipitishwe kwanza juu ya moto mdogo ili lilainike na lisipasuke. Korosho mbichi isiachwe mahali ambapo mtoto mdogo ataing'ata, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika ganda lake huunguza midomo na ngozi. Yakishalainika na kuanza kunuka uchachu, yaondolewe, maana vijidudu vidogo hufika kabla ya wageni. Maembe, ambayo huwa yamekwisha kuiva wakati huo, hayana matatizo hayo yote, ila rangi yake ni ya upole zaidi.

Kombe na konokono wa baharini ninawataja kwa sababu watoto wa ufukweni huwauza, na ninashauri wasinunuliwe. Eneo kubwa la pwani ya Mtwara, Msimbati ikiwemo, limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na viumbe wake wanalindwa. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta kidogo ya nazi hushika chumvi, pilipili au ndimu vizuri kuliko kombe, na kila jiko linacho.

Tishu za mezani ziwe za rangi moja. Pakiti ya shilingi 2,000 inatosha.

Hadi hapo nilikuwa nimetumia shilingi 43,000, na sehemu ya zilizobaki niliitumia kukodi glasi badala ya kununua. Wanaokodisha vyombo vya sherehe mjini wengi wanakubali oda ndogo endapo mteja ataenda kuchukua mwenyewe, na glasi 12 zinazofanana, kwa shilingi 300 kila moja, ziliinyanyua meza yangu kuliko sahani mpya ambazo nisingeweza kuzimudu. Sahani zisizofanana hazikusumbua, kwa kuwa chakula huzifunika, lakini glasi huonekana muda wote. Ninachowaonya wenzangu ni kuhusu kuhesabu. Mkodishaji mmoja aliniletea glasi jioni wakati giza limeshaingia, akanisainisha haraka, na nilipozirudisha akadai kwamba mbili zina ufa mdomoni na kwamba nililipie. Tangu hapo kila glasi huishika kwenye mwanga na kuipitisha kidole mdomoni mbele ya aliyeileta, kisha idadi na kasoro huandikwa kwenye karatasi ile ile ya malipo, na mkodishaji asiyekubali utaratibu huo simpi kazi. Oda itolewe angalau wiki moja kabla, kwa sababu kati ya tarehe 20 Desemba na mwaka mpya vyombo vingi huwa vimeshachukuliwa na kumbi za harusi.